Dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo, si kwa kijiko

Mfanyabiashara wa mpakani hanunui mahindi bila kuuliza kipimo. Anajua kuwa debe si gorogoro, na gorogoro si kisado. Anajua gunia la lumbesa limebeba zaidi ya gunia lililoshonwa mdomo sawasawa, na kwamba anayekubali bei kabla ya kujua kipimo ameshakubali hasara. Elimu hiyo hakuipata darasani. Aliipata sokoni, na mara nyingine aliilipia.

Lakini mfanyabiashara huyo huyo, mtoto wake akiungua kwa chai gesti, akianguka kutoka juu ya marobota ya mitumba, au homa ikimpanda usiku katika mji wasioujua, huingia duka la dawa la kwanza analoliona. Hupewa chupa ya dawa ya maji, huambiwa ampe mtoto kijiko kimoja mara tatu kwa siku, kisha huondoka. Hakuuliza chupa ile ina miligramu ngapi. Wala hakuulizwa mtoto ana kilo ngapi. Siku mbili baadaye amevuka mpaka, chupa imekwisha, ananunua nyingine upande wa pili na kuendelea na kijiko kile kile.

Hapo ndipo penye hatari. Kijiko hakijabadilika, ila dawa iliyomo ndani yake huenda imekuwa kali maradufu.

Gazeti hili leo linataka kusema jambo moja, na kulisema wazi. Dozi ya dawa ya maumivu ya mtoto ni miligramu kwa kila kilo ya uzito wake. Mzazi anayesafiri na mtoto aijue hesabu hiyo kama anavyoijua hesabu ya faida. Chumba cha dharura kinachompokea mtoto huyo kimpime, kiulize alichopewa njiani na kiandike dozi bila utata. Na serikali zetu zinazotuambia kila mwaka kwamba soko letu ni moja, zihakikishe basi kwamba chupa ya mtoto nayo inasomeka pande zote za mpaka.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana wasomaji wetu ni watu wa hesabu.

Parasetamoli, ambayo wengi wetu huiita Panadol hata kama chupa ina jina jingine, ndiyo dawa ya kwanza ya maumivu na homa kwa watoto. Dozi yake ya kunywa ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto. Inaweza kurudiwa baada ya saa 4 hadi 6, lakini isizidi mara 4 katika saa 24. Mtoto wa kilo 10, ambaye kwa kawaida ana umri wa mwaka mmoja hivi, anastahili miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Mtoto wa kilo 15 anastahili 150 hadi 225. Mtoto wa kilo 20 anastahili 200 hadi 300. Hesabu hiyo haibadiliki ukiwa Busia, Namanga, Rusumo, Mutukula au Goma.

Kinachobadilika ni chupa. Katika maduka ya ukanda huu ipo dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Ipo nyingine, mara nyingi ya watoto wakubwa kidogo, yenye miligramu 250 katika mililita 5 zile zile. Yapo pia matone ya watoto wachanga, katika kichupa kidogo chenye kitone chake, ambayo yanaweza kuwa na miligramu 100 katika mililita 1 tu. Chupa zote hizo zimeandikwa parasetamoli. Nyingi zina picha ya mtoto anayecheka, na nyingi zina ladha ya matunda.

Sasa tuchukue kijiko cha kupimia cha mililita 5 na mtoto yule wa kilo 10. Ukimpa kijiko kutoka chupa ya kwanza, amepata miligramu 120, nayo ni dozi sahihi. Ukimpa kijiko hicho hicho kutoka chupa ya pili, amepata 250, wakati alistahili mililita 2 hadi 3 tu. Ukimpa kijiko hicho kutoka kichupa cha matone, amepata miligramu 500. Hicho ni kidonge kizima cha mtu mzima, kwa mtoto ambaye alistahili mililita 1 hadi 1 na nusu. Ukirudia mara 4 kwa siku, mtoto wa kilo 10 amemeza miligramu 2,000, wakati kikomo chake kwa siku nzima kilikuwa 600.

Watu wa mizani wanaelewa maana ya tofauti hiyo. Hakuna atakayekubali kuuziwa debe moja kwa bei ya madebe matatu.

Makosa ya namna hii hayaji kwa sababu mzazi ni mzembe. Tuseme mama anatoka Ngara na mtoto mgongoni, anavuka Kabanga na Kobero kwenda kuuza mchele Muyinga. Mtoto anashikwa na homa. Nyumbani ameacha chupa ya 120, ambayo nesi wa kliniki alimwonyesha jinsi ya kuitumia: mililita 5, yaani kijiko kimoja. Huku Burundi anapewa kichupa chenye maandishi ya Kifaransa. Muuzaji anamweleza kwa Kirundi na Kiswahili kidogo, nyuma yake wateja watano wanasubiri, na basi limeanza kunguruma. Mama anatii alichofundishwa na nesi wake: kijiko kimoja. Mama huyo amefuata maelekezo sahihi ya chupa nyingine.

Kuna mtego mwingine ambao wafanyabiashara wa Goma, Bukavu, Uvira na Bujumbura wanaweza kuwa wamekutana nao. Baadhi ya dawa za maji za mtindo wa Kifaransa huja na bomba dogo la plastiki lililochorwa kilo badala ya mililita. Unavuta dawa hadi kwenye namba ya uzito wa mtoto, basi. Ni njia nzuri, pengine nzuri kuliko zetu zote. Lakini bomba lile ni la chupa ile peke yake. Likiokotwa mezani na kutumiwa kwa chupa ya 250, mtoto anaweza kupata hata zaidi ya maradufu ya dozi yake bila mtu yeyote kushtuka, kwa sababu namba iliyosomwa ilikuwa ndiyo uzito wa mtoto.

Tena pande hizo dawa ya homa ya mtoto hutolewa pia kama kile kidonge laini cha kuingiza kwenye njia ya haja kubwa. Wazazi wengi wa pande nyingine hawakihesabu kuwa ni parasetamoli, kwa kuwa mtoto hakukinywa. Wanakiweka asubuhi, na mchana wanampa dawa ya maji. Wengine wanampa dawa ya mafua, ambayo nayo mara nyingi ina parasetamoli ndani. Dawa tatu zenye majina matatu, kumbe ni dawa moja imetolewa mara tatu.

Kwa nini tunalipigia kelele jambo hili? Kwa sababu parasetamoli ni dawa salama sana katika kipimo chake, na ikizidi sana huharibu ini kimyakimya. Mtoto aliyezidishiwa anaweza kutapika kidogo, akalala, akaamka akacheza. Siku ya kwanza anaweza kuonekana mzima. Dalili za ini kuumia, kama maumivu ya tumbo upande wa kulia, macho kuwa ya njano, usingizi usio wa kawaida na damu kutoka ovyo, huja siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kuliokoa ini ipo, inaitwa asetilisisteini, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu dawa ilipozidi. Kwa hiyo mzazi anayegundua usiku kwamba amekosea kipimo asingoje dalili, wala asione aibu. Aende hospitali usiku huo huo, na chupa mkononi.

Hata hivyo, lipo kosa la upande wa pili, na gazeti hili halitaki kulifunika. Baada ya kusikia haya yote, mzazi mwingine ataogopa na kumwacha mtoto na maumivu yake. Hilo nalo ni kosa. Mtoto aliyevunjika mkono, aliyeungua kwa maji ya moto au aliyeng'olewa kucha na mlango wa lori anaumia kama mtu mzima. Pengine anaumia zaidi, kwa sababu haelewi kinachotokea wala lini kitakwisha. Bado wapo wanaoamini kwamba mtoto husahau maumivu, au kwamba dawa itamficha daktari ugonjwa. Daktari haamki na kupata ugonjwa kwa kusikiliza kilio. Mtoto aliyetulizwa maumivu huguswa, hupimwa na hushonwa vizuri zaidi kuliko anayeshikiliwa na watu wanne.

Katika hili majirani wana cha kujifunza kwa Uganda. Tangu miaka ya 1990 nchi hiyo imekuwa ikitumia mofini ya maji ya kunywa kwa wagonjwa wenye maumivu makali, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Uganda haina utajiri kuliko majirani zake. Iliamua tu kwamba maumivu makali ni jambo la kutibiwa, kisha ikaweka utaratibu wa kuitoa dawa kali kwa kipimo na kwa kumbukumbu. Hayo mawili, kutibu na kupima, hayapingani.

Tukifika mlango wa hospitali, wajibu unahamia kwa wengine. Chumba cha dharura cha mji wa mpakani ni mahali pagumu. Ajali ya bodaboda inaingia, mwenye uchungu wa kujifungua anaingia, na mtoto wa mgeni anayelia kwa lugha nyingine naye yumo. Ni rahisi kukadiria uzito kwa macho. Ni rahisi kuandika namba bila kipimo. Lakini kwa mtoto, urahisi huo ndio unaoua.

Mfano upo, nao unajulikana duniani. Parasetamoli ya kutundikwa mshipani huja katika chupa ya mililita 100 yenye miligramu 1,000, maana yake kila mililita ina miligramu 10. Mtoto mchanga aliyeandikiwa miligramu 60 anapaswa kupewa mililita 6. Karatasi ikiandikwa 60 peke yake, na aliyechoka akaisoma kuwa ni mililita, mtoto amepewa mara 10 ya dozi yake. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Uingereza ililazimika kuwatahadharisha madaktari na wauguzi wake juu ya kosa hilo hilo. Kama limetokea huko kwenye mashine na wafanyakazi wa kutosha, sisi hatuna sababu ya kujiona tuko salama.

Tunachoomba kwa vituo vyetu hakihitaji mashine kubwa. Mtoto apimwe uzito kabla ya dawa yoyote, kwa kilo, na namba hiyo iandikwe juu kabisa ya karatasi yake. Asipoweza kusimama au kuwekwa kwenye mizani, ipo mikanda ya kupimia urefu inayokadiria uzito. Dozi iandikwe kwa miligramu na kwa mililita, yote mawili, pamoja na nguvu ya chupa iliyotumika. Dawa kali isomwe na watu wawili kabla haijaingia kwa mtoto. Na kabla ya yote, mzazi aulizwe swali moja kwa lugha anayoielewa: amepewa nini, kiasi gani, saa ngapi? Swali hilo lisiulizwe kwa ukali. Mzazi anayeogopa kugombezwa kwamba alinunua dawa njiani ataficha, na mtoto atapewa dozi ya pili juu ya ya kwanza.

Na sisi wa njiani? Yapo mambo machache ambayo kila mfanyabiashara anayesafiri na mtoto anaweza kuanza nayo safari ijayo.

La kwanza, jua kilo za mwanao kama unavyojua kilo za mzigo wako. Kadi ya kliniki ina uzito wake. Ipige picha kwa simu, na uipige tena kila anapopimwa. Mtoto anayekua haendi na kilo za mwaka jana. Kama kadi imeachwa nyumbani, omba mizani ya kliniki au ya duka la dawa. Mizani ya sokoni inayopima viazi si ya kupimia mtoto mchanga, lakini uzito uliopimwa kwa uangalifu ni bora kuliko kubahatisha.

La pili, safiri na chupa kutoka nyumbani, pamoja na bomba lake au kikombe chake cha kupimia. Kijiko cha chai cha hotelini si kipimo. Vipo vinavyobeba mililita 3 na vipo vinavyobeba 7. Bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5 au 10, linauzwa bei ndogo katika duka lolote la dawa pande zote za mpaka, na linapima sawa Kampala na Kigoma.

La tatu, ukilazimika kununua dawa ugenini, uliza kwa maneno haya: chupa hii ina miligramu ngapi katika mililita ngapi? Mwanangu ana kilo hizi. Nimpe mililita ngapi, na baada ya saa ngapi? Muuzaji asiyeweza kujibu hilo, mwache na chupa yake. Akijibu, mwombe aandike kwenye boksi kwa kalamu. Maandishi ya Kifaransa au ya Kiingereza yasikutishe. Tarakimu na vifupisho vya mg na ml vinaandikwa sawa katika lugha hizo zote mbili.

La nne, andika saa. Kila unapompa mtoto dawa, weka kwenye simu yako saa na kiasi. Ukifika hospitali, taarifa hiyo ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa. Na usiitupe chupa hata ikiwa tupu. Chupa inamwambia daktari nguvu ya dawa, na namba ya toleo iliyochapwa juu yake inaiwezesha serikali kuisaka ikiwa mbovu. Hatujasahau kilichotokea Gambia mwaka 2022, ambapo dawa za maji zenye sumu zilihusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60, mpaka Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari Oktoba mwaka huo.

La tano, usikate kidonge cha mtu mzima kwa makadirio ya meno. Vidonge vya kichwa vinavyouzwa kila kibanda vingine vina mchanganyiko wa aspirini, parasetamoli na kafeini. Aspirini haifai kupewa mtoto kwa homa au maumivu, kwa kuwa inahusishwa na ugonjwa wa Reye unaoshambulia ubongo na ini. Ibuprofeni inafaa kwa watoto wengi, miligramu 5 hadi 10 kwa kilo kila baada ya saa 6 hadi 8, tena baada ya kula. Lakini mtoto aliye chini ya miezi mitatu asipewe, wala anayeharisha na kutapika hadi kukauka maji, maana figo zake zinaweza kuumia. Mahali penye dengi, kama miji ya pwani ilivyoshuhudia, ibuprofeni na aspirini zinaweza kuzidisha kutokwa na damu. Kodeini na tramadoli, ambazo madereva wengine hubeba kwa maumivu yao ya mgongo, si za mtoto hata tone. Zinaweza kumzuia asipumue akiwa usingizini.

La sita ni kujua dawa inapoishia. Parasetamoli hushusha homa, haiui malaria. Mtoto mwenye homa katika ukanda wetu apimwe malaria, hata kama homa imeshuka. Mtoto aliye chini ya miezi mitatu mwenye homa apelekwe hospitali moja kwa moja. Vivyo hivyo mtoto aliyepata degedege, asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, anayehema kwa shida, au aliyelegea na kushindwa kuamka. Mzigo unaweza kusubiri kwenye ghala la forodha. Huyu hasubiri.

Tumewaambia wazazi na wauguzi. Sasa tuwaambie wenye mamlaka.

Mpango wa kuoanisha udhibiti wa dawa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ulizinduliwa Arusha Machi 2012. Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao mkataba wake ulianza kufanya kazi Novemba 2021, una makao yake Kigali, hapa hapa kwetu. Mkataba wa Jumuiya wenyewe unataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano ya watu wake. Kwa hiyo vyombo vipo, na lugha ipo. Kinachokosekana ni uamuzi juu ya jambo dogo linaloshikika: lebo ya dawa ya maji ya mtoto.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila chupa ya dawa ya maumivu ya mtoto inayouzwa katika nchi 8 za Jumuiya iwe na maelezo ya Kiswahili pembeni ya Kiingereza au Kifaransa, na nguvu ya dawa ichapwe kwa tarakimu kubwa mbele ya chupa, si kwa herufi za chungu nyuma yake. Pili, mamlaka za dawa zikubaliane juu ya nguvu moja ya parasetamoli ya maji kwa watoto wadogo. Hili si ndoto. Mwaka 2011 watengenezaji wa Marekani walitangaza kuacha matone makali ya watoto wachanga na kubaki na nguvu moja ya miligramu 160 katika mililita 5, baada ya kuona wazazi wanachanganya. Kama soko kubwa namna ile limeweza, letu halishindwi. Na hadi tufike huko, matone yasiuzwe bila kitone chake ndani ya boksi.

Tatu, vituo vya pamoja vya mpakani vina maofisa wa afya ambao kazi yao inayojulikana na wengi wetu ni kukagua kadi ya homa ya manjano. Wapewe mizani ya watoto na chati ya ukutani yenye kilo upande mmoja na miligramu upande wa pili. Mama anayesubiri karatasi zake zipigwe muhuri apime mtoto wake bure, aondoke na namba mkononi. Gharama yake ni ndogo kuliko bango moja la kukaribisha wageni mpakani.

Serikali zetu zinajua kurahisisha zinapotaka. Zilipoona mfanyabiashara mdogo anakwama kwa makaratasi ya forodha, zilitunga utaratibu rahisi kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, na leo mwenye magunia yake machache ya maharage anavuka na fomu moja. Hazikumwambia mchuuzi akasomee sheria za forodha. Zilipunguza utata. Mtoto wa mchuuzi huyo anastahili kupunguziwa utata kama maharage.

Neno la mwisho ni kwa wenzetu wachache wanaobeba chupa za dawa katikati ya vitenge na sabuni, wakaziuze upande ambako bei imepanda. Tunajua faida yake, na tunajua kwamba wengi wao ni wazazi. Lakini chupa iliyolala siku mbili chini ya turubai kwenye jua, iliyotenganishwa na boksi lake, kipimo chake na karatasi yake, inamfikia mzazi mwingine bila mtu wa kumweleza. Nguo yenye kasoro hurudishwa, na mahindi yaliyooza humwagwa. Dawa iliyokwisha kumezwa na mtoto hairudi dukani. Waiache kwa maduka yenye leseni.

Tumezoea kusema biashara ni kipimo. Safari ijayo, kabla ya kufunga mizigo, mpime mtoto, andika kilo zake na utie bomba la mililita kwenye mkoba. Na ukikabidhiwa chupa ugenini, isome namba zake kabla ya kuifungua.